Buti Zilizoponea Motoni: Mkasa wa Hlapić na Maswali Yake

Mtoto yatima anamtoroka fundi wake usiku. Miguuni kavaa buti mpya ambazo hakuzinunua wala hakupewa. Ukimfikisha mbele ya hakimu, kesi ni nyepesi: kaiba, kisha katoroka. Lakini mtoto huyo, Hlapić kwa jina, ndiye anayesomeshwa katika shule za msingi za Kroatia kama mfano wa mtoto mwema. Kitabu chake, Čudnovate zgode šegrta Hlapića, yaani mikasa ya ajabu ya Hlapić mwanagenzi, kilitoka mwaka 1913. Mwandishi ni Ivana Brlić-Mažuranić, na wahakiki wengi wanakihesabu kuwa ndicho kilichofungua njia ya riwaya ya watoto kwa Kikroatia.

Mwizi anageukaje kuwa mfano wa kuigwa? Na si hilo tu linalotatiza. Wapo wanaokiita kitabu hiki hekaya, ilhali ndani yake hamna jini, hamna mchawi, wala mnyama anayesema, labda kasuku mmoja. Wapo wanaokiweka kwenye rafu ya vitabu vya kufundisha utiifu, na kumbe hadithi yenyewe inaanza kwa kutotii. Wengine nao, hasa waliokua miaka ya 1990 mbele ya televisheni, watakuapia kwamba Hlapić ni panya. Kila kundi lina sababu zake. Tuanze na buti, maana ndizo chanzo cha yote.

Hlapić hana baba wala mama. Anaishi kwa fundi viatu aitwaye Mrkonja, mtu mkali ambaye akikohoa tu nyumba nzima inatulia. Mke wa fundi ni mpole na anamhurumia mtoto, ila hana sauti mbele ya mumewe. Siku moja tajiri mmoja anaagiza buti za mwanawe. Zinashonwa, zinang'aa, lakini zinambana mtoto. Tajiri anagoma kulipa, fundi anagombana naye, na tajiri akishaondoka hasira yote inamshukia Hlapić, ambaye hakuwa ndiye aliyekata ngozi wala aliyepima mguu. Fundi anatoa amri: buti hizi zitiwe kwenye tanuri, ziungue.

Hapo ndipo mwandishi anapoonyesha ujanja wake. Anahakikisha msomaji ameisikia amri ya kuchoma kabla hajamwona Hlapić akizivaa. Ukishasikia kwamba mwenye mali mwenyewe ameihukumu iwe majivu, huwezi tena kuutamka wizi kwa urahisi. Ameibiwa nani? Tanuri? Mtoto mdogo anayesoma hahitaji kuelezwa hoja hii kwa maneno ya mawakili. Anaihisi tu kwamba buti nzuri hazistahili moto, na kwamba mtoto asiye na kosa hastahili kupigwa kwa sababu ya mguu wa mtoto wa mwingine. Hukumu ya msomaji imekwisha kupangwa kabla mlango haujafunguliwa.

Kuna jambo la zama zile ambalo msomaji wa leo anaweza kulipita. Mwanagenzi hakuwa mwajiriwa wa kulipwa mwisho wa mwezi. Alilala kwa fundi, alikula kwa fundi, alifagia, aliteka maji, alitumwa mjini na kurudi, na katikati ya hayo yote aliokota ufundi kwa macho. Ikipita miaka kadhaa ndipo anapanda daraja na kuwa fundi wa kulipwa, na baadaye, akijaliwa, anafungua duka lake. Vyama vya mafundi vilivyosimamia ngazi hizo vilifutwa kisheria huko Kroatia mwaka 1872, lakini desturi zake hazikufa kwa kalamu ya serikali. Kwa hiyo Hlapić anapoondoka haachi kazi tu. Anaacha paa, sahani na mustakabali wake wote, na anafanya hivyo akiwa hana pa kwenda. Mwenye kukiona kitendo hicho kuwa utundu wa kitoto hajaelewa kinachowekwa rehani.

Tazama anavyotoka. Suruali ya kijani, shati jekundu, kofia iliyopambwa kwa vipande vya ngozi ing'aayo, na zile buti. Mwandishi anamsifu kwa mlolongo ambao watu wazima wa Kroatia bado wanaukariri: mdogo kama dhiraa, mchangamfu kama ndege, shujaa kama Kraljević Marko, mwenye hekima kama kitabu, mwema kama jua. Huyo Marko ni jabali wa tenzi za Waslavi wa kusini, Fumo Liyongo wao, mtu wa nguvu zilizopita kiasi anayeimbwa kutoka kizazi hadi kizazi. Kumlinganisha na mtoto wa urefu wa dhiraa ni mzaha, na ni mzaha wenye kusudi: ushujaa unashushwa kutoka mgongoni mwa farasi wa vita na kukabidhiwa mshona viatu.

Safari ni ya siku saba, na sura zinapangwa kwa siku. Ukizisoma ukitafuta mapigano na hazina, utaona kitabu kinakwenda polepole. Ukizisoma ukitafuta kazi, utaona kinakwenda mbio. Asubuhi ya kwanza Hlapić anakutana na mzee anayegawa maziwa kwa kigari cha punda, naye anajitolea kumpandishia maziwa ghorofani kwa sababu miguu ya mzee imechoka na yake bado. Mbwa Bundaš, aliyekuwa rafiki yake kule kwa fundi, anamfuata na kugeuka kuwa mlinzi wa msafara. Jioni wanamkuta Marko, mtoto mchunga mabata bukini, analia kwa kuwa mabata wawili wamepotea. Wanatafutwa, wanapatikana, na Hlapić anapata chakula na malazi katika nyumba iliyochorwa nyota ya bluu. Ndivyo kitabu kizima kinavyotembea: kila kitanda anacholalia amekifanyia kazi, au amekifanyia wema, na mwandishi hatofautishi sana kati ya hayo mawili.

Usiku wa pili mvua na radi vinamsukuma chini ya daraja. Huko yupo mtu mwenye joho jeusi. Wanalala jirani, na kukicha mtu hayupo, buti nazo hazipo. Hapa nimwonye msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa akikutana na tafsiri za lugha nyingine atamkuta mhusika huyu akiitwa mtu mweusi. Weusi huo ni wa joho lake, si wa ngozi. Ni mnyang'anyi wa pale pale, wa kijiji cha pale pale, na ana mshirika kijana aitwaye Grga ambaye mama yake ni mwanakijiji wa kawaida tu. Hata hivyo sidhani ni vibaya mtoto wa Kiafrika akiuliza kwa nini rangi hiyo ndiyo iliyochaguliwa kubeba ubaya. Jibu ni kwamba hadithi za Ulaya zilishazoea hivyo muda mrefu, na Brlić-Mažuranić hakujisumbua kuuvunja mkondo huo.

Mwenye buti zilizoibwa sasa naye kaibiwa. Mwandishi hasemi kitu juu ya kejeli hiyo, lakini ipo, na ndiyo inayomtofautisha Hlapić na mnyang'anyi. Mmoja alichukua kilichotupwa, mwingine kachukua cha mtu aliyemwamini usingizini.

Siku inayofuata anatokea Gita, msichana wa sarakasi mwenye kasuku begani. Alikuwa mgonjwa, sarakasi ikamwacha nyuma, naye anaitafuta. Gita ni tofauti na Hlapić kwa kila hali. Anapenda kuonekana, ana maneno mengi, anachoka haraka, na mara nyingi anatamani mambo yawe rahisi. Kwa maoni yangu ndiye mhusika aliye hai kuliko wote kitabuni, maana Hlapić ni mwema kiasi kwamba huwezi kugombana naye. Wawili hao wanafanya kazi mbugani kwa mkulima anayekausha nyasi za mifugo, na usiku Gita anawachezea wafanyakazi michezo yake pamoja na kasuku. Basi hata sarakasi inageuka kuwa kibarua cha kulipia chakula.

Kisha unakuja moto wa kijijini, sura ambayo watoto huikumbuka kuliko nyingine. Hlapić anapanda juu ya paa kusaidia kuuzima, paa linamshinda, anatumbukia darini, na humo darini anaziona buti zake. Nyumba inayoungua ni ya akina Grga! Fikiria mpangilio huo. Angebaki chini akitazama kama wengine, asingezipata. Amezipata kwa kuwa alikuwa anaokoa nyumba ya mtu aliyehusika kumwibia, bila kujua. Mama yake Grga, aliyekwisha kuona mwanawe anakoelekea, anafunga fedha kwenye kitambaa na kumwomba Hlapić ampelekee akikutana naye njiani, pamoja na ujumbe kwamba abadilike. Mwanamke amempa mtoto asiyemjua fedha zake, na msomaji anajua hatazila. Ukikumbuka mashtaka yetu ya mwanzoni, hapa ndipo yanapofutwa: mtoto aliyeondoka na mali isiyo yake sasa amekabidhiwa mali isiyo yake, naye anaifikisha.

Gulioni kuna wasukaji vikapu wawili, tajiri na maskini. Hlapić anasimama upande wa maskini, anamnadia vikapu vyake kwa sauti mpaka watu wanajaa. Sura hiyo ni fupi na inachekesha. Ya sarakasi inayofuata haichekeshi: mwenye sarakasi ni mtu katili, na Gita anatambua kwamba huko alikokuwa anakutafuta hakumfai.

Mwishoni nyuzi zinavutwa pamoja kwa kasi. Watoto wanagundua kwamba wanyang'anyi wanapanga kumwibia mama yake Marko, yule wa nyumba ya nyota ya bluu, wanatoka mbio kwenda kumwonya. Msituni wanamkuta mtu amefungwa kwenye mti. Ni Mrkonja, fundi mwenyewe, ambaye mtu wa joho jeusi alimnyang'anya na kumwacha hapo. Hlapić anamfungua. Grga anayaacha maisha yale, na mnyang'anyi mkubwa anaangamia. Wanarudi wote nyumbani, na mke wa fundi anaona kovu lenye umbo la msalaba kwenye kidole gumba cha Gita. Ni kovu la binti yake Marica, aliyepotea akiwa mdogo sana.

Hapa ndipo wanaokiita kitabu hiki hekaya wanapopata nguvu. Kovu la kumtambua mtoto aliyepotea ni hila ya kale, ipo katika ngano za nchi nyingi. Lakini angalia ni sadfa ya aina gani. Katika ngano, mtoto aliyepotea hugundulika kuwa binti wa mfalme. Gita anagundulika kuwa binti wa mshona viatu. Hakuna anayepanda cheo. Zawadi ya mwisho ni karakana, ngozi, nyundo na misumari. Hlapić na Marica wanakua, wanaoana, wanairithi kazi ile ile, na buti zinawekwa kwenye kabati la kioo. Hivyo nadhani jibu la haki ni kwamba mifupa ya kitabu ni ya ngano na nyama yake ni ya riwaya: njia za vumbi, mshahara mdogo, nyumba zenye anwani.

Linabaki suala la Mrkonja, na hapa mimi binafsi sijaridhika. Tunaelezwa kwamba alikuwa mkali kwa sababu ya majonzi ya kumpoteza binti, na kwamba binti aliporudi ukali ukayeyuka. Wasomaji wa zamani walilipokea hilo kama fundisho la msamaha. Msomaji wa sasa, hasa aliyewahi kumwona mtoto wa kazi akichapwa kwa kosa la bosi, atauliza mbona Hlapić ndiye aliyelipia msiba usio wake, na mbona hakuna mtu kitabuni anayemwomba radhi ipasavyo. Kwa upande wa pili, msamaha hautolewi bure. Fundi anafungwa kwenye mti kwanza. Anaonja kutokuwa na nguvu, na anayemfungua ni yule yule aliyezoea kutetemeka mbele yake. Kwa kitabu cha 1913, kumweka fundi katika hali hiyo mbele ya mwanagenzi wake halikuwa jambo dogo.

Swali la utiifu nalo linapata mwanga hapo hapo. Hlapić anamtii karibu kila mtu njiani: wazee, mama wa watu, hata ahadi yake mwenyewe. Hamtii mmoja tu, na ni pale mmoja huyo alipoamuru kitu kizuri kiangamizwe.

Ni nani aliyeandika haya? Ivana Mažuranić alizaliwa Ogulin mwaka 1874, katika ukoo ambao jina lake lilikuwa zito kuliko mtoto wa kike alivyoruhusiwa kubeba. Babu yake, Ivan Mažuranić, alikuwa mshairi mashuhuri na pia ban, yaani mtawala mkuu wa Kroatia chini ya himaya ya Habsburg (Austria na Hungaria), kuanzia 1873 hadi 1880. Mwaka ule ule aliozaliwa mjukuu, serikali ya babu ilipitisha sheria ya elimu iliyofanya shule ya msingi kuwa lazima. Sheria hiyo ilizalisha wasomaji wadogo kwa maelfu, na wasomaji wanahitaji vitabu. Aliyechapisha Hlapić, miaka 39 baadaye, ni chama cha walimu na waandishi mjini Zagreb kilichoanzishwa 1871. Babu alijenga madarasa na mjukuu akayapatia kitabu.

Katikati ya hapo yapo maisha ya mwanamke. Aliolewa mwaka 1892 na wakili Vatroslav Brlić, akahamia Brod, mji wa kando ya mto Sava unaotazamana na Bosnia, akalea watoto. Katika maelezo aliyoandika juu ya maisha yake alisema kwamba tangu ujana aliona uandishi haupatani na wajibu wa mwanamke, na kwamba mvutano huo ulitulia pale watoto wa nyumbani mwake walipofikia umri wa kutaka kusoma. Akaona kumbe anaweza kuandika na bado awe anatimiza wajibu. Kauli hiyo inasikitisha kidogo, lakini inafafanua mengi juu ya Hlapić. Huyu ni mwandishi aliyelazimika kuupa uhuru wake sura ya kazi ya nyumbani, na shujaa wake naye anatoroka huku akifanya kazi kila hatua.

Sifa hazikuchelewa. Antun Gustav Matoš, mhakiki ambaye wengi walimwogopa kwa kalamu yake, alikiita kitabu hicho cha daraja la juu mwaka ule ule wa 1913. Mwaka 1916 Ivana akatoa Priče iz davnine, hadithi zilizojaa viumbe wa imani za kale za Waslavi, na hizo ndizo zilizomtangaza nje zaidi. Alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel mara nne kati ya 1931 na 1938, na mwaka 1937 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika Akademia ya Sayansi na Sanaa ya Yugoslavia. Alifariki Zagreb mwaka 1938.

Kuna kitabu chake kimoja kinachotugusa sisi wa pwani kwa mbali, cha mwaka 1937, juu ya mtu wa Dalmatia, pwani ya Kroatia, aliyepanda cheo hadi kutawala huko Gujarat, magharibi mwa India. Kilitokana na utafiti wa baba yake kuhusu Malik Ayaz, liwali wa Diu, bandari ya huko Gujarat. Wanaoijua historia ya Bahari ya Hindi watakumbuka kwamba Almeida, Mreno aliyezishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, ndiye aliyekwenda kupigana Diu mwaka 1509, mjini kwa liwali huyo huyo.

Sasa turudi kwa panya. Mwaka 1997 Croatia Film ilitoa katuni ndefu iliyoongozwa na Milan Blažeković, na humo Hlapić, Gita na wenzao ni panya, na mtu wa joho jeusi amekuwa panya mkubwa muovu. Katuni ilipendwa sana, ikauzwa nchi nyingi, ikazaa mfululizo wa televisheni. Sina ugomvi nayo kama burudani. Lakini ilifuta kitu. Panya akilala chini ya daraja, amelala mahali pa panya. Mtoto akilala chini ya daraja, kuna mtu mzima mahali fulani ambaye hakufanya wajibu wake. Na panya hawana haja ya viatu, kwa hiyo buti, zilizokuwa kiini cha mzozo wa kazi, malipo na hasira, zinabaki pambo tu.

Waliomfuata Ivana katika riwaya za watoto walielewa kwamba moyo wa jambo ulikuwa kazi. Mato Lovrak, mwalimu wa shule, alichapisha mwaka 1933 Družba Pere Kvržice, ambamo kundi la watoto wa kijijini linaukarabati kwa siri mtambo wa kusaga nafaka uliotelekezwa. Huko hakuna tena yatima wa pekee na wema wa mtu mmoja mmoja, kuna ushirika, zamu na ugomvi wa nani awe kiongozi. Miaka 20 tu inavitenganisha vitabu hivyo viwili, lakini katikati yake ilipita vita kuu, na himaya ya Habsburg, aliyoishi ndani yake Hlapić, ilishafutika kwenye ramani.

Na mwaka 2013, kitabu kilipotimiza miaka 100, ilitoka filamu nyingine, ya Silvije Petranović, yenye waigizaji watu halisi. Hlapić akarudi kuwa mtoto, mdogo, mwenye shati jekundu, na buti zikarudi kuwa za ngozi.